Kapteni Mantell na Kitu Kisicho na Jina

Alasiri ya tarehe 7 Januari 1948, polisi wa jimbo la Kentucky, Marekani, walipokea simu nyingi: watu wameona kitu cheupe, cha duara, kimetulia juu kabisa angani. Katika uwanja wa kijeshi wa Godman, maafisa walikielekezea darubini wasiweze kukipa jina. Ndipo zilipopita ndege nne za kivita aina ya Mustang, zikiongozwa na Kapteni Thomas Mantell, kijana wa miaka 25. Waongozaji wa ndege wakamwomba akakitazame.

Mantell hakuwa mwanagenzi. Alikuwa amerusha ndege katika uvamizi wa Normandy mwaka 1944 na kutunukiwa nishani. Lakini safari hii ilikuwa ya kuhamisha ndege tu, nayo oksijeni hakuwa nayo. Rubani mmoja akashika njia yake. Wawili wakamfuata hadi kiasi cha futi 22,000, wakageuka. Yeye akazidi kupaa. Huko juu akili huzimika polepole, kama taa iishiwayo mafuta, na mwenyewe asihisi. Ndege yake ilianguka shambani, karibu na mji wa Franklin, naye akafa.

Jeshi la Anga likatoa jibu: marehemu alikuwa akiifukuza sayari ya Zuhura. Washairi wamezoea kuisifu Zuhura, lakini ya alfajiri au ya magharibi. Ile ya mchana wa jua ni kitone hafifu, si kitu cha kukusanya macho ya miji kadhaa.

Ukweli unaoelekea zaidi ulikuwa karibu mno. Jeshi la Majini la nchi hiyo hiyo lilikuwa likirusha maputo makubwa ya plastiki, yenye upana wa mita 30 hivi, kuchunguza anga za juu. Mradi uliitwa Skyhook. La kwanza lilipaa Septemba 1947, kazi ya General Mills. Naam, kampuni ya unga. Yote hayo yalikuwa siri. Maafisa wa Godman hawakuambiwa, wala Mantell.

Twasema “vitu visivyotambulika” bila kuuliza: visivyotambulika na nani? Ikiwa lilikuwa puto, basi wapo waliolijua kwa jina na kwa kipimo, nao walivaa sare za dola ile ile.

Edward Ruppelt, aliyekuja kuongoza uchunguzi wa Jeshi la Anga, ndiye aliyelifungua upya jalada hilo na kuliunganisha na Skyhook, akayaandika katika kitabu chake cha mwaka 1956. Mantell alikuwa kaburini mwaka wa nane.