Miaka 80 ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu

Machi 2025, mwezi ambao Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ilitimiza miaka 80, mkulima wa majani chai huku Kanja, Kenya, alipata sababu ya kuifikiria. Sudan, mwanachama tangu 1956 na mnunuzi mkubwa katika mnada wa chai wa Mombasa, ilipiga marufuku bidhaa za Kenya kwa hasira kwamba Nairobi iliwapokea viongozi wa RSF, kundi lililokuwa likipigana na jeshi la Sudan. Serikali ya Sudan haikuomba ruhusa kwa Jumuiya, wala mkataba wa Jumuiya hauitaki iombe.

Mkataba huo ulitiwa sahihi Cairo Machi 22, 1945, na Misri, Iraq, Syria, Lebanon, Saudi Arabia na Transjordan. Yemen ikafuata Mei. Wakati huo wasomi wengi walikuwa wakihubiri taifa moja la Waarabu. Watawala waliandika jambo jingine: kifungu cha 7 kinasema uamuzi wa wengi unawafunga waliouafiki tu, na cha 8 kinamtaka kila mwanachama aheshimu utawala wa mwenzake. Lebanon ilihofia kumezwa na Syria. Ukoo wa Saud uliwahofia Wahashemu wa Iraq na Transjordan. Wanaoilaumu Jumuiya kwa kushindwa kuunganisha Waarabu wanaidai deni ambalo haikukopa.

Kazi yake halisi ilionekana Kuwait. Nchi hiyo ilipopata uhuru Juni 1961, Abdul Karim Qasim wa Iraq alidai ni yake, na majeshi ya Uingereza yakarudi haraka kuilinda. Julai, Jumuiya iliipa Kuwait uanachama, kisha ikapeleka kikosi cha Waarabu kushika nafasi ya Waingereza. Hata Gamal Abdel Nasser wa Misri, mhubiri mkuu wa umoja, aliutetea mpaka wa Kuwait. Na Septemba muungano wake mwenyewe na Syria, wa 1958, ukavunjika. Saddam Hussein wa Iraq alipoivamia Kuwait 1990, Jumuiya iligawanyika na Marekani ikashika usukani.

Kufukuzana na kurudiana kumekuwa kwingi. Misri ilisimamishwa 1979 kwa kupatana na Israel, makao yakahamia Tunis hadi 1990. Syria ilitengwa 2011, ikarejeshwa 2023 chini ya rais Bashar al-Assad yuleyule.

Upande wetu, Somalia (1974), Djibouti (1977) na Komoro (1993) nazo ziliingia. Tangu 2024 Somalia ina kiti kingine katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako nako wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano.