Sikio si Tundu Tu

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Msemo huo hunijia kila tunapobishana nyumbani juu ya hedifoni. Ile ninayoisifu mimi, mke wangu huiona inakwaruza. Anayoipenda yeye, kwangu husikika kama mtu asemaye ndani ya mtungi. Historia ya chombo hiki imenionyesha kwamba sote wawili tunasema kweli.

Mnamo mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme mjini Paris, Clément Ader aliwaunganisha wasikilizaji na jukwaa la Opera kwa nyaya za simu. Aliyeweka kipokea sauti kwenye kila sikio aliweza kutambua mwimbaji anaposogea upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliliuzia jeshi la majini hedifoni alizoziunda jikoni kwake. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akaleta za stereo, za kusikilizia muziki. Ukivitazama vyombo hivyo utadhani sikio ni tundu la kumiminia sauti.

Kumbe sivyo. Sikio la nje lina mikunjo, na mikunjo ya mtu haifanani na ya jirani yake. Hukuza baadhi ya sauti nyembamba na kufifiza nyingine, kutegemea zinakotoka, na kwa tofauti hizo ubongo hujua kama sauti iko juu au chini. Kisha kuna njia ya kuelekea kwenye kiwambo, yenye urefu wa kama sentimita 2.5, ambayo huzipa nguvu sauti za karibu Hz 3,000.

Hapo ndipo aina za hedifoni zinapoachana. Kubwa inayofunika sikio zima hulibakizia sehemu ya kazi yake. Nyepesi ya sponji, kama iliyokuja na Walkman mwaka 1979, hulalia juu ya mikunjo na kuigandamiza. Ya kuchomeka huiruka mikunjo yote, tena huziba mlango wa ile njia na kuvuruga nguvu yake ya asili. Fundi hulazimika kuirudisha nguvu hiyo kwa kufuata sikio la wastani, na sikio la wastani halimo kichwani mwa mtu yeyote.

Mwaka 1998 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walibadili umbo la masikio ya watu wazima kwa vipande vya kupachika. Mara moja watu hao hawakujua tena sauti iko juu au chini. Baada ya wiki kadhaa wakajua upya. Vipande vilipoondolewa, wakasikia kama zamani papo hapo. Ubongo ulikuwa haujalisahau sikio la kwanza.

Basi, msomaji, ukiambiwa dukani kwamba hedifoni fulani inashinda zote, uliza kwanza: kwa sikio la nani? Kisha ivae mwenyewe kabla ya kutoa fedha.