Komedia ya Zilizopendwa

Filamu The Wedding Singer ilitoka mwaka 1998, ikasimulia mapenzi na vichekesho vya mwaka 1985, na sehemu kubwa ya muziki wake ni ule wa vinanda vya umeme uliozuka Uingereza na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Muziki huo, new wave, tuuite wimbi jipya. Hapo hapana ubishi mkubwa. Ugumu uko katika kuitaja aina ya filamu yenyewe. Kuiita komedia ya mapenzi yenye hamu ya zamani hakutoshi, kwa maana hamu ni hali ya moyo wa mtu mmoja, ilhali filamu za aina hii husimama juu ya nyimbo ambazo ukumbi mzima unazijua. Kiswahili kina neno la jambo hilo: zilizopendwa. Halitaji mtindo wala umri wa wimbo, linawataja walioupenda. Nalo limekwisha kuwa nomino, ndiyo maana tunasema kipindi cha zilizopendwa. Ukiifuata barabara ya Namanga kutoka Kitengela, Kenya, ukapita Isinya na Kajiado hadi kuvuka mpaka, utakuta Watanzania wakisema zilipendwa, bila kirejeshi. Mwanamuziki Diamond Platnumz na wenzake wa lebo ya WCB waliupa wimbo wao wa 2017 jina hilohilo. Naamini komedia ya zilizopendwa itaeleweka pande zote mbili, na mzizi -pend- unatuepusha kurudia mapenzi.

Watakaopinga watasema zilizopendwa ni nyimbo za wanamuziki wa zamani kina Fundi Konde, Fadhili William na Daudi Kabaka, si muziki wa juzi. Lakini kati ya 1985 inayosimuliwa na filamu na 1998 ilipotoka ni miaka 13 tu. Kapuka, muziki wa vijana wa Kenya, ya msanii E-Sir, aliyefariki mwaka 2003, imeshapita umri huo kwa mbali, na aliyeicheza akiwa shuleni huenda leo analea watoto wake Kitengela. Pingamizi zito zaidi ni la kisarufi: kiambishi -li- kinadokeza kwamba mapenzi yamekwisha. Hapana. Aliyezaliwa Kajiado mwaka 1980 hajaacha kuishi kwa sababu ya -li-. Kiambishi kinaonyesha jambo lilitokea lini, hakilifungi. Tahadhari ya kweli ni moja, tusikidondoshe kihusishi “ya”: filamu zilizopendwa ni zozote zilizowahi kuvuma, hata za vita. Wahakiki na watafsiri wa filamu waandike komedia ya zilizopendwa, na waanze sasa.