PAKA NI TOHARA, NA KIFUA CHA MTOTO NI AMANA
Historia fupi ya paka, Waislamu na maradhi ya mzio

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, makala hii imetokana na swali tulilolikosea jibu nyumbani kwetu hapa Mbugangari. Mtoto wetu wa mwisho, binti wa miaka minne, alianza kukohoa usiku. Macho yalimvimba, pua haikukauka, na kifua chake kikawa kinalia kama filimbi. Mwanzo tulidhani ni mafua, na dawa alizopewa zilikuwa za mafua. Usiku mmoja midomo yake iligeuka rangi, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tukamkimbiza hospitali kwa pikipiki. Allah akamnusuru, akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo na hewa ya oksijeni. Asubuhi daktari akatuuliza swali moja: "Nyumbani mna paka?"

Paka tulikuwa naye. Watoto walimwita Chui kwa sababu ya mistari yake. Mama yetu mzazi, ambaye anauza maharage na mahindi, ndiye aliyemleta ili alinde magunia dhidi ya panya. Tulipomweleza maneno ya daktari alitutazama akasema: "Mwalimu, wewe ndiye unayewafundisha watoto wa watu kwamba paka ni tohara na Mtume amempenda. Leo unasema paka anamuua mjukuu wangu?"

Tulinyamaza. Ndugu mwingine akasema dawa ni kumtia paka kwenye gunia na kwenda kumtupa ziwani. Hilo nalo tulijua si sawa, lakini kujua kwamba jambo si sawa hakutoshi kumjibu mzazi. Tukarudi kwenye vitabu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

1. PAKA ALIINGIA VIPI NYUMBANI

Wataalamu wa elimu ya viumbe wamethibitisha, katika utafiti uliotolewa mwaka 2007, kwamba paka wote wa majumbani duniani wana asili ya paka-mwitu wa nchi za Mashariki ya Karibu. Katika kisiwa cha Cyprus limepatikana kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka miaka 9,500 hivi iliyopita. Sababu ya urafiki huu ni nafaka. Binadamu alipoanza kulima na kuweka akiba, panya walikuja, na paka akawafuata panya.

Hata katika pwani yetu ya Afrika Mashariki mambo yalikwenda hivyo. Panya mweusi aliletwa na majahazi ya Bahari ya Hindi, na mifupa yake imefukuliwa katika miji ya kale ya Waswahili kama Unguja Ukuu kule Zanzibar. Penye ghala na jahazi pana panya, na penye panya paka anakaribishwa. Anayefika Lamu, mji mkongwe uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, atawaona paka kila uchochoro, wembamba na warefu wa miguu, wakingoja wavuvi warudi.

Huku kwetu Rwanda, Uislamu ulikuja pamoja na wafanyabiashara na askari wenye kusema Kiswahili, zama za Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo, Kigali, unahesabiwa kuwa ulijengwa mwaka 1913. Walipokuja Wabelgiji baada ya mwaka 1916, Waislamu walitakiwa kukaa katika sehemu zao zilizoitwa makambi ya Waswahili. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, hivyo wazee wetu wakashika biashara, udereva na ufundi. Nyumba zilibanana, magunia yakakaa chumba kimoja na watoto. Ndiyo maana paka katika nyumba zetu si pambo. Ni mlinzi wa riziki, na mama yetu hakukosea kumleta.

2. PAKA KATIKA SUNNA

Hadithi mashuhuri zaidi ni ile ya Kabsha bint Ka'b bin Malik, mkwe wa Swahaba Abu Qatada. Imepokewa na Imam Malik katika Muwatta, na pia Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah. Kabsha alimwekea mkwewe maji ya udhu. Akaja paka, Abu Qatada akainamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha alipomtazama kwa mshangao, Abu Qatada akamweleza kuwa Mtume (S.A.W) amefundisha kwamba paka si najisi, kwani ni katika wale wanaotuzungukia majumbani mwetu.

Tuiangalie vizuri sababu iliyotajwa. Mtume (S.A.W) hakusema kwamba paka ana baraka ya pekee, wala kwamba hawezi kumdhuru mtu. Sababu ni kwamba anaingia na kutoka, na lau angekuwa najisi watu wangepata taabu kubwa katika maji, vyombo na nguo zao. Kwa hiyo hukumu hii ni ya wepesi. Inatueleza hali ya maji na nguo. Haituelezi hali ya kifua cha mtoto.

Hadithi ya pili imo katika Bukhari na Muslim: mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Hii ndiyo jibu kwa yule aliyetaka gunia na ziwa.

Tena kuna Abu Huraira (R.A), ambaye jina lake la sifa maana yake ni mtu wa kipaka. Ama kile kisa kinachosimuliwa sana, kwamba Mtume (S.A.W) alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala juu yake, hatukuti asili yake katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Tusiwafundishe watoto kama hadithi sahihi. Mapenzi ya Mtume kwa wanyama yana dalili za kutosha bila kuongezewa.

Waislamu waliofuata waliyachukua mafunzo haya kwa vitendo. Mwingereza Edward Lane, aliyeandika habari za Misri katika kitabu kilichotoka mwaka 1836, ameeleza kwamba Sultani Baybars, aliyefariki mwaka 1277, aliacha bustani kuwa wakfu kwa ajili ya paka wa Cairo. Bustani ilikwisha uzwa tena na tena, lakini Kadhi aliendelea kuhakikisha paka wanaletewa chakula kila alasiri.

3. MATABIBU WETU WALIJUA NINI

Je, wazee waliopenda paka namna hii hawakujua kwamba kitu kizuri kinaweza kumdhuru mtu mmoja na kumwacha mwingine? Walijua. Tabibu mkubwa Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwaka 313 Hijria (925), aliandika risala juu ya mafua yanayompata mtu majira ya masika pale mawaridi yanapotoa harufu. Aliyekuwa akisumbuliwa ni mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi. Waridi ni tohara, ni zuri, na watu hulinunua kwa pesa, lakini lilimtoa al-Balkhi machozi na kamasi. Al-Razi hakumwambia kwamba imani yake ni dhaifu. Aliitafuta sababu ya maradhi.

Karne mbili na nusu baadaye, kiasi cha mwaka 1190, Musa bin Maymun, Myahudi aliyekuwa tabibu wa wakubwa wa dola ya Ayyubi mjini Cairo, aliandika kwa Kiarabu risala juu ya pumu. Alimwandikia mgonjwa wake mambo ya chakula, usingizi na hewa safi, akieleza ubaya wa hewa ya mji uliobanana. Anayeishi hapa Mbugangari, kwenye udongo mweusi wa volkano, vumbi la barabara na moshi wa mkaa, anamwelewa.

4. SIRI YA PAKA YAFICHUKA

Huko Ulaya, daktari Mwingereza John Bostock aliyaeleza maradhi yake mwenyewe ya mafua ya kiangazi mwaka 1819. Henry Hyde Salter, aliyekuwa na pumu, alitoa kitabu juu ya maradhi hayo mwaka 1860, na miongoni mwa vinavyoamsha pumu akataja wanyama, paka akiwemo. Charles Blackley akajikwaruza ngozi, akajipaka chavua ya majani na kuona ngozi inavimba. Alitoa matokeo yake mwaka 1873. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet wa Vienna akaipa hali hii jina la aleji, ambayo kwa Kiswahili tunaiita mzio. Miaka ya 1966 na 1967 watafiti wa Marekani na Sweden wakagundua kinga ya damu iitwayo IgE. Hapo ikaeleweka kwamba mzio ni mwili kukosea adui: askari wa mwili wanashambulia kitu kisicho na sumu, na vita vyenyewe ndivyo vinavyoziba njia ya pumzi.

Kwa paka, adui wa kudhaniwa ni protini iliyopewa jina la Fel d 1. Inatoka katika mate yake na katika tezi za ngozi. Paka anapojilamba huipaka mwilini, ikakauka na kuruka na chembe ndogo sana. Kwa hiyo:

- Si unyoya wenyewe unaodhuru, na paka wa manyoya mafupi hana usalama zaidi.
- Chembe hizi huelea hewani, hukaa katika godoro, zulia, pazia na nguo.
- Paka akiondoka, zinaweza kubaki ndani ya nyumba kwa miezi minne au zaidi.
- Zinasafiri katika nguo. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto wenye mzio wa paka walizidiwa na pumu darasani, pale wanafunzi wenzao wengi walipokuwa na paka majumbani.

Hili la mwisho lilitushtua sisi walimu. Mikeka ya madrasa yetu inakaliwa na watoto wa nyumba nyingi!

5. TULIVYOFANYA

Hatukumhukumu paka kabla ya ushahidi. Daktari alitushauri tuandike kila siku mtoto alivyolala. Kisha tukampeleka kwa shangazi yake, nyumba isiyo na paka, kwa siku kumi. Alilala vizuri. Aliporudi, jioni ile ile macho yalivimba. Mama yetu aliyaona kwa macho yake, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema: "Basi, mtafutieni Chui pa kukaa. Lakini asitupwe."

Chui sasa yuko kwa muuza nafaka wa sokoni, ana kazi na anakula. Magunia tumeyahamishia kwenye kibanda cha nje chenye mlango wa bati. Tulifua mapazia, tukaanika godoro juani, tukapangusa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vumbi. Wiki ya tatu mtoto alikohoa tena, na ndugu wakasema paka hakuwa na kosa. Lau tusingesoma habari ya ile miezi minne tungekata tamaa. Mwezi wa tano ndipo tulipoanza kulala usiku kucha.

Tulijifunza pia kosa letu wenyewe. Kila Ijumaa tulikuwa tukifukiza udi na ubani chumba anacholala mtoto, madirisha yamefungwa, tukidhani tunamfanyia wema. Moshi wowote ni adui wa kifua chenye pumu, uwe wa jiko la mkaa au wa udi. Sasa manukato ni ya nguo zetu, tena kidogo.

Dawa hatukuiacha. Pampu ya pumu ilianza kutumika mwaka 1956, salbutamol ya kuvuta ikafuata mwaka 1969. Wazazi wengine huiogopa wakidhani inamfanya mtoto kuwa mtumwa wake. Aliye na hofu amuulize daktari, asiikate mwenyewe. Na si kila kikohozi ni paka. Vumbi la godoro, mende na mafua pia huamsha pumu. Wala nyumba yenye paka na watoto wazima isianze kumfukuza kwa hofu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliona kwamba watoto waliokulia na paka au mbwa zaidi ya mmoja tangu uchanga walikuwa na mzio kidogo. Tunayemzungumzia ni mtoto aliyekwisha kuonekana anadhurika.

HITIMISHO

Jibu tulilolikosa siku ile ni hili. Tohara ni jambo moja na madhara ni jambo jingine. Asali ni halali na yenye kusifiwa, lakini mtoto mchanga hapewi. Mtume (S.A.W) amefundisha kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na wanavyuoni wakaifanya kuwa kanuni kubwa ya fiqhi, hata ikaandikwa katika Majalla ya dola ya Uthmania iliyokamilika mwaka 1876. Kanuni hiyo inamlinda mtoto asibakishwe katika nyumba inayomziba pumzi, na inamlinda paka asitiwe kwenye gunia.

Mama yetu bado hupita sokoni kumwona Chui. Akirudi hubadili kanga na kunawa mikono kabla ya kumpakata mjukuu wake. Hakuna aliyemwamrisha.

Tunamuomba Allah awape afya watoto wetu, atujaalie elimu yenye manufaa, na atuhurumie kama tunavyotakiwa kuwahurumia viumbe vyake. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.