Gemu Huanza Vizuri Kisha Laptopu Ikazubaa? Pima Joto Kwanza

Mtoto wa dada yangu alinijia juzi amekunja uso. Akicheza gemu ya mpira kwenye laptopu yake, mambo huenda sawa dakika kumi hivi, halafu wachezaji huanza kukwama-kwama kwenye skrini. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi, akaambiwa ina virusi. Ikafutwa yote na kuwekwa Windows upya. Alilipa, akarudi nyumbani, na dakika kumi zilipofika hali ikawa ile ile. Kazi zake za chuo nazo zikapotea.

Kisa hiki si chake peke yake, kwa hivyo tuelezane.

Umeme unaotumiwa na prosesa hugeuka kuwa joto. Gemu huifanyisha kazi prosesa na kadi ya picha kwa pamoja bila kupumzika. Joto hilo hubebwa na mirija ya shaba hadi kwenye mapezi membamba ya chuma, na feni hulipuliza nje. Kila prosesa ina kikomo chake: nyingi za Intel kwenye laptopu ni nyuzi 100 za Selsiasi, na nyingi za AMD Ryzen ni kati ya 95 na 105, kutegemea modeli. Ikikaribia hapo hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, kama hamali wa mkokoteni anavyopunguza mwendo jua la utosi likimchoma. Gemu iliyokuwa ikionyesha picha 60 kwa sekunde yaweza kushuka hadi 25.

Sisi wa Pwani tuna mtihani zaidi. Feni haiwezi kuipoza mashine chini ya joto la chumba, na msimu wa kaskazi chumba chenyewe hupita nyuzi 30. Vumbi nalo likikutana na unyevu wa hewa yetu hugandana na kuziba mapezi.

Utajuaje kuwa ni joto? Tazama mtindo wake. Mashine huwa nyepesi mwanzoni, hulemewa baadaye, na ukiizima ikapoa hurudi nguvu zake. Virusi havingoji mashine ipate moto. Kwa uhakika zaidi, weka HWiNFO, programu ya bure ya Windows, ucheze huku ikirekodi nyuzi. Cheza ukiwa umechomeka chaji, maana laptopu nyingi hupunguza kasi zikitumia betri pekee, na hilo ni jambo jingine.

Ukishathibitisha, anza na yasiyo na gharama:

1. Iondoe kitandani na kwenye mto. Iweke mezani na uinue upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa, bila kuziba matundu ya chini.

2. Ndani ya gemu, punguza ubora wa picha na uweke kikomo cha picha 60 au 30 kwa sekunde.

3. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ukiona sehemu ya kiwango cha juu cha prosesa, ishushe kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwa mashine nyingi hilo huzima ile kasi ya ziada inayoleta joto kali.

4. Ikiwa bado, ipeleke ikafunguliwe, isafishwe vumbi na ibadilishwe pesti iliyo kati ya prosesa na shaba. Pesti hiyo hukauka baada ya miaka kadhaa. Akipuliza, fundi aishike feni isizunguke ovyo.

Usiiweke kwenye friji wala juu ya barafu; unyevu wa hewa utageuka matone ya maji ndani yake na unaweza kuiharibu. Na ukiona kibao cha herufi au sehemu ya chini imefura, izime papo hapo na usiichaji tena. Hiyo ni betri imevimba, na yaweza kushika moto.

Ile ya mpwa wangu tuliifungua. Mbele ya feni palikuwa na vumbi limelala kama mkeka. Ikasafishwa, ikatiwa pesti mpya, na sasa hucheza saa nzima bila kukwama. Kazi zake za chuo hazikurudi. Kwa hivyo, kabla hujakubali mashine yako ifutwe, muulize fundi swali moja tu: umepima joto?