Lifti katika Majengo ya Kale: Funzo la Beit al-Ajaib kwa Ukarabati wa Hoteli Mkoani Kagera

Insha hii inachunguza uwekaji wa lifti katika majengo ya kihistoria. Swali lake ni namna hoteli kongwe ya ghorofa, iwe Bukoba mjini au wilayani Muleba, inavyoweza kumfikisha kila mgeni juu bila kudhoofisha kuta zinazoipa thamani. Katika msonge wa Wahaya, mzee, mgonjwa na mgeni waliingia kwa mlango mmoja na kukaa juu ya sakafu moja. Ghorofa ndiyo iliyoleta ngazi, na ngazi ikaleta ubaguzi usiokusudiwa.

Mfano wa kihistoria ni Beit al-Ajaib ya Zanzibar, inayotajwa kuwa jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti ya umeme. Sultani Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883, miaka mitatu tu baada ya Werner von Siemens kuonyesha lifti ya umeme mjini Mannheim. Kwa hiyo historia ya jengo na historia ya mtambo hazina budi kutenganishwa. Jengo ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Mtambo ni chuma, umeme na fundi wa kuutunza. Aidha, jengo lenyewe halikubaki kama lilivyokuwa. Mashambulizi ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 yaliharibu mnara uliokuwa mbele yake, na mwaka 1897 mnara wa saa ukaunganishwa na jengo.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo hilo iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Tukio hilo halihusishwi hapa na lifti. Linatajwa kwa sababu linathibitisha kwamba ukarabati wenyewe ni kipindi cha hatari kwa ukuta wa kale.

Kagera ina sababu zake za kuzingatia funzo hilo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu maelfu ya nyumba pamoja na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Vilevile, kwa miaka mingi mkoa ulitegemea umeme kutoka Uganda.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba mnara wa lifti usimame nje ya kuta za kale, juu ya msingi wake wenyewe, ukiachiwa nafasi ili majengo mawili yatikisike bila kugongana. Reli na uzito wa kusawazisha vibebwe na mnara huo, na betri ziwezeshe chumba cha lifti kushuka na kufungua mlango umeme unapokatika.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kuyafikia majengo ya umma. Kwa msingi huo, lifti isihesabiwe kuwa anasa ya hoteli. Ni njia ya kuurudishia ukarimu wa Kagera ule mlango mmoja wa msonge, mradi ukuta wa kale ubaki umesimama.