Halmashauri zinavyoweza kuongoza mageuzi ya nishati Masasi na Newala

Mkazi wa Newala anaponunua ndoo ya maji hulipia pia nishati iliyoyapandisha maji hayo mlimani. Uwanda wa juu wa Makonde hupata mvua, lakini ardhi yake ya kichanga huyanywa maji haraka na mito ya kudumu haipo. Maji hupatikana chini mabondeni, likiwamo eneo la Mitema upande wa Kitangari, na hulazimika kusukumwa kwa pampu mamia ya mita hadi kwenye matangi ya juu. Hali imekuwa hiyo tangu mradi wa maji wa Makonde ulipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Umeme ukikatika, ndoo hukauka.

Masasi, iliyo chini ya uwanda huo upande wa magharibi, ina nafuu kidogo kwa kuwa hutumia chemchemi ya Mbwinji pamoja na jirani zake wa Nachingwea. Hata hivyo, wilaya zote mbili zina historia moja ya nishati. Hadi katikati ya miaka ya 2000, umeme wa mikoa ya Mtwara na Lindi ulitokana na majenereta ya dizeli. Gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ilianza kuzalisha umeme mjini Mtwara takriban robo karne baadaye, mwaka 2007. Bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, miaka miwili baada ya wananchi wa Mtwara kuandamana wakidai manufaa yake yabaki kwao.

Gesi ni safi kuliko dizeli, lakini nayo ina mwisho wake. Swali ni nani aongoze hatua inayofuata, na jibu la haraka kwamba ni halmashauri lina ugumu wake. Nguzo na nyaya ni mali ya TANESCO. Usambazaji wa umeme vijijini husimamiwa na Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Barabara zilihamia TARURA mwaka 2017, na maji ya vijijini yakahamia RUWASA mwaka 2019. Diwani wa leo ana mamlaka madogo kuliko mtangulizi wake wa mwaka 2000, ingawa wapiga kura humdai mambo yaleyale.

Pamoja na hayo, halmashauri zimebaki na nyenzo ambazo hazijatumiwa vya kutosha: majengo ya shule, zahanati na masoko, sheria ndogo, mipango ya matumizi ya ardhi, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na, kwa wilaya hizi, ushuru wa korosho.

Jiko la shule ndilo mahali pa kuanzia. Shule za bweni kama Ndanda, Chidya na Masasi Wasichana hupika kwa ajili ya mamia ya wanafunzi kila siku, na kwa miaka mingi chakula cha shule za aina hiyo nchini kimeivishwa kwa kuni. Mwaka 2023 Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Agizo peke yake halinunui jiko. Mkuu wa shule aliyezoea kulipia kuni kwa mkokoteni hawezi kulipia mtambo wa gesi kwa mkupuo, na hapo ndipo halmashauri inapoweza kununua kwa pamoja kwa ajili ya shule zake zote, kisha ikarejesha gharama kidogo kidogo kutokana na fedha ambazo zingenunua kuni.

Upande wa mkaa kuna mgongano wa masilahi usiosemwa sana. Ushuru wa mazao ya misitu ni chanzo cha mapato kwa halmashauri nyingi, hivyo anayetakiwa kupunguza mkaa ndiye huyohuyo anayepata fedha unapouzwa. Kilosa, mkoani Morogoro, njia ya kati imejaribiwa tangu mwaka 2012: vijiji vilivyotenga misitu yao kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2002 huvuna mkaa kwa vitalu, katika mzunguko wa miaka 24, visiki vikaachwa vichipue, na mapato yakabaki kijijini. Mpango huo haufuti mkaa, ila unampa mwanakijiji sababu ya kuulinda msitu. Vijiji vya Masasi vyenye misitu ya miombo vinaweza kuuiga. Uwandani Newala, ambako mashamba ya mikorosho na vichaka vimechukua sehemu kubwa ya ardhi, haufai sana.

Newala ina hazina nyingine. Ganda ni takriban theluthi mbili ya uzito wa korosho ghafi, nalo huwaka vizuri. Lina mafuta makali yanayounguza ngozi na moshi wake hudhuru, kwa hiyo si kuni ya kupikia nyumbani. Mahali pake ni tanuri la kiwanda, baada ya mafuta kukamuliwa. Tatizo ni kwamba viwanda vya kubangua vilivyojengwa miaka ya 1970, vikiwamo vya Masasi na Newala, vilisimama katika muongo uliofuata, na sehemu kubwa ya korosho imekuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Nishati hiyo huondoka ndani ya magunia. Halmashauri inayotenga eneo lenye umeme na maji kwa wabanguaji wadogo huwa imefanya kazi ya nishati, hata kama kwenye vitabu vyake imeandikwa viwanda.

Kuhusu pampu, halmashauri hazina mamlaka ya moja kwa moja, lakini zina sauti na zina ardhi. Umemejua unasemwa vibaya kwa sababu ya betri, ambazo ni ghali na hufa mapema. Kusukuma maji ni kazi isiyohitaji betri: jua likiwaka, tangi hujazwa, na usiku maji hushuka yenyewe. Kanuni za mwaka 2018 ziliruhusu pia mteja mwenye mitambo midogo ya umemejua kuingiza ziada kwenye mtandao wa TANESCO na kufidiwa kwenye ankara yake. Kutenga maeneo ya mitambo karibu na visima, kabla hayajagawiwa viwanja, ni uamuzi wa baraza la madiwani.

Mji mdogo wa Güssing nchini Austria, uliokuwa maskini na wa mpakani, ulianza hivyo. Baraza lake liliamua mwaka 1990 kuachana na mafuta kwenye majengo ya umma, likaanza kwa kuzuia upotevu wa nishati kabla ya kujenga mtambo wowote. Miaka ya 2010 baadhi ya mitambo yake iliyotegemea ruzuku ilikwama, lakini nafuu iliyopatikana kwenye majengo haikuhitaji ruzuku kuendelea.

Fundi naye ahesabiwe. Mwaka 2011 wanawake wa vijijini kutoka Mtwara na Lindi walikwenda Tilonia, India, kujifunza kufunga na kutengeneza vifaa vya umemejua. Ujuzi wa namna hiyo ukiunganishwa na mikopo ya asilimia 10, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, zahanati isingelala gizani kwa kukosa betri moja. Betri hiyo inahitaji kifungu chake katika bajeti, nao wakati wa kukitekeleza unajulikana: mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini ushuru wa korosho, asilimia 3 tangu mwaka 2017, huanza kuingia minada inapofunguliwa, kwa kawaida Oktoba.